Kabla ya Kengele

Jumatatu, tarehe nne Januari. Manyunyu yalianza alfajiri, na kulipokucha uwanja wa shule ulikuwa tope tupu. Mwalimu wa darasa la saba alisimama barazani, mkoba begani, akirudia maneno kimoyomoyo: "Mwalimu mkuu, nimepata kazi kwingine. Naondoka leo."

Mkobani mlikuwa na viatu vyekundu vya mtoto. Binti yake alikuwa akilelewa na wifi yake, dada wa mumewe, katika mji wa mbali alikofanya kazi huyo mume. Mwezi uliopita, kwenye simu, mtoto alimwambia, "Shikamoo, mwalimu," kisha akageuka akamwita shangazi yake mama. Simu ilipokatika, palepale jikoni kwake mwalimu alipiga magoti akamwomba Mungu amfungulie mlango. Mlango ukafunguka: shule ya kule ilimtaka aripoti kesho, la sivyo ingemchukua mwingine.

Ilibidi aseme kabla ya paredi. Katika paredi ya kwanza ya mwaka, mwalimu wa darasa la saba, darasa la mtihani, huweka kiganja juu ya kengele na kuwaahidi wanafunzi kwamba hatawaacha. Ukishaahidi, umeahidi.

"Mama Kengele!" mwalimu wa hesabu alimtania akipita, akimwita kwa jina alilopewa kwa kupiga kengele kila asubuhi. "Umependeza hivyo, unaolewa upya?"

"Niache, shemeji. Nina yangu."

Mwalimu mkuu alifika na mwavuli uliovunjika mbavu, suruali imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Walimu wawili wametukimbia likizo hii, hata kwaheri hawakusema. Njiani nikajiambia, basi, Mama Kengele yupo."

Alikaza mkanda wa mkoba begani. "Mwalimu mkuu, nina neno."

"Sema, mwanangu."

Alitazama saa ya ukutani kupata ujasiri. Mshale ulikuwa umefika palepale unapofika kila asubuhi wakati wa kengele, na watoto walikuwa wakisukumana matopeni. Kabla akili haijauzuia, mkono wake ulikwisha kuchukua nondo ya kupigia kengele. Akapiga. Kengele yenyewe, rimu kuukuu ya lori iliyoning'inia barazani, ikalia, na uwanja wote ukanyamaza.

Alibaki ameishika ile nondo kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Huyo ndiye Mama Kengele! Neno litasubiri, mama. Watoto wanalowa."

Walijipanga, wadogo mbele. Darasa la saba walisogea karibu na baraza, na msichana mmoja mrefu, kiranja wao, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Mwaka jana mwalimu wa sayansi alisema anakwenda kununua chaki."

"Enhe?"

"Mpaka leo hajarudi."

Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mkoba.

"Mwalimu, na wewe unakwenda dukani?"

Mwalimu wa hesabu alijifanya anafunga kamba za viatu. Mwalimu mkuu aliacha kutabasamu. Macho yake yalitoka kwenye mkoba yakapanda taratibu hadi usoni mwa Mama Kengele, na hapo akaelewa ni neno gani lililokuwa likisubiri. Hakumwamuru abaki. Alisogea tu kando, akimwachia njia ya kuondoka. Ingekuwa afadhali kama angemwamuru.

Ee Mungu, alisali, ule mlango ulinifungulia wewe. Kwa nini umewaweka hawa mlangoni?

Aliweka kiganja juu ya rimu, akaanza kuahidi kwa mnong'ono. Ilikuwa ya baridi. Viatu vidogo vilimgusa ubavuni kila alipovuta pumzi.

"Sema kwa sauti, mwalimu," mmoja wa wadogo alipaza sauti kutoka mbele. "Hatusikii!"

"Sitawaacha," alisema, na sauti yake ikafika hadi ukuta wa mwisho. "Nitakuwa nanyi mpaka siku ya mtihani wenu wa mwisho."

"Tumesikia!" uwanja mzima ukaitikia, mvuani.