Zamu ya Bibi Elifuraha katika Chumba cha Nne

Primus alikuwa mezani kwake, kijiko mkono huu, penseli mkono huu, akila kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, na kutafuta pa kuwaweka wanafunzi wa uhasibu. Chuo kiko mteremkoni, chini kidogo ya Mwika, na yeye ndiye mpanga ratiba. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko vyumba, na kila mwalimu alitaka asubuhi. Jumatano ile uhasibu alikuwa amewasukumia Chumba cha Nne, mchana. Hata hajamaliza kula, Blessing, kiranja wao, akachungulia mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Kule chumbani kuna maji."

"Marahaba. Bomba limepasuka?"

"Hapana. Yametoka ukutani, yanapita zake. Mwalimu Veronika anaendelea kufundisha, ila tumepandisha miguu."

Primus akamaliza kiburu chake, maana kikipoa hakiliki, ndipo akaenda.

Maji yalitokea ukuta wa upande wa mlimani, yakapita katikati ya madawati, yakaingia ukuta wa upande wa bondeni. Plasta haikulowa. Yalikuwa baridi, yamebeba majani ya mgomba na kaa mmoja mdogo. Mwalimu Veronika alikuwa amevua viatu, anaeleza uchakavu wa mali. Primus akazunguka nyuma ya jengo. Upande wa bondeni nyasi zilikuwa kavu, zinavunjika zikikanyagwa.

Hapo hapakuhitaji mganga. Kabla ya chuo, mfongo ulipita pale, mfereji waliochimba mababu kuteremsha maji kutoka mlimani, na kila kihamba, shamba la migomba la ukoo, kilikuwa na zamu yake. Jumatano mchana ilikuwa zamu ya Bibi Elifuraha, mjane anayekaa chini ya uzio. Wajenzi waliufukia mfongo, wakaahidi bomba. Bomba halikuja. Sasa maji yalikuwa yamekumbuka zamu yenyewe, yakafika mpaka pale yalipofukiwa.

Mkuu wa chuo akaja, akasimama mlangoni asilowe.

"Yanakaa mpaka saa ngapi haya?"

"Saa kumi, mkuu. Yanaanza saa saba."

"Kila siku?"

"Ni zamu ya Jumatano, mkuu."

"Sasa unahangaika nini? Hamisha uhasibu, hapo andika maji. Wakaguzi wanakuja, sitaki mgongano wa vipindi."

"Mkuu, tungechimba hapo nyuma kidogo tu yakateremka. Migomba ya yule bibi inakufa."

"Primus, wewe panga vyumba. Mifereji nani kakupa?"

Primus akaandika maji. Uhasibu akawapeleka bwaloni, wakasomea kwenye harufu ya maharage. Kisha akateremka kwa Bibi Elifuraha. Alimkuta anaegemeza mgomba kwa mti uliopasuka.

"Shikamoo mama. Maji yako yamekuja."

"Marahaba. Yamekuja wapi, mbona mimi nameza vumbi?"

"Yako Chumba cha Nne."

"Ee. Yamesoma," akasema, akachukua jembe na ndoo.

Jumatano iliyofuata aliingia navyo Chumba cha Nne, akachota ndoo ikajaa. Alipovuka kizingiti ilikuwa tupu na kavu, jani moja chini. Akarudi, akachota tena. Jani jingine. Hakuchota mara ya tatu.

"Wanazuiliwa mlangoni," alisema, kama anazungumzia ng'ombe. Akapiga jembe kwenye sakafu kando ya maji. Sakafu ikachimbika. Akapanda magimbi.

Yalikua upesi. Wanafunzi wa kuongoza watalii, waliokuwa na chumba hicho asubuhi, walijifunza kuyaruka. Wakaguzi walipofika waliuliza yale majani mapana ni ya nini. Mkuu akawaambia ni ya Jumatano. Wakaikagua ratiba, wakaisifu haina mgongano hata mmoja.

Magimbi yalipokomaa, bibi akang'oa moja aende nalo nyumbani. Mlangoni mkono ukabaki mtupu. Akasimama akiutazama ule mkono, halafu akamwita Primus.

"Mwanangu, nipangie na saa ya kula."

Primus alichukua penseli. Hapakuwa na nafasi. Akakikata kipindi chake mwenyewe cha kusahihisha, akamwongeza Bibi Elifuraha mpaka saa kumi na moja, akamletea jiko la mkaa na chumvi. Blessing na wenzake walimenya. Walikula wote juu ya madawati, miguu imepandishwa kwa mazoea, bibi akiwatania uhasibu kwamba hawajui hata kuhesabu gimbi la mwisho ni la nani. Akashiba, akasema hivyo, akalegeza khanga.

Primus akamsindikiza mpaka mlangoni. Bibi akavuka, akasimama, akakaza khanga upya. Njaa ilikuwa pale pale alipoiacha, inamngoja.

"Hata shibe," alisema.

"Pole, mama."

"Jumatano nitawahi," akajibu, akateremka taratibu kwenye nyasi kavu.