Gasketi Yenye Rangi ya Kucha

Gasketi ya Pijo, gari la mama, ilikuja na treni kutoka Dar, moja tu, na kabla sijampa fundi niliipaka rangi ya kucha ya dada Diana. Doa jekundu, pale pembeni panapochungulia nje ya injini. Akinibadilishia, nitajua.

Mwaka ule mtaani kwetu, Gungu, wakimbizi walikuwa wengi, na maneno kuhusu mafundi mengi zaidi: unapeleka gasketi mpya, unafungiwa iliyokatwa kwenye kopo la mafuta ya msaada. Mama ni nesi, kahamishiwa huku kutoka Morogoro. Akaniambia, "Nickson, injini ikichemsha tena, gari ndiyo basi. Usibanduke pale." Sikubanduka. Uhandisi niliuacha mwaka wa pili, lakini kukaa najua.

Fundi Feliksi, Mrundi, akalaza gasketi, akashusha silinda hedi juu yake. Nikisogea kushoto kuchungulia, mgongo wake nao unasogea kushoto.

"Fundi, mbona unanikinga?"

"Injinia, mbona unanichunga?"

Bolti zilikuwa hazijakazwa sawasawa mkewe, Eufrasia, alipoita kutoka nyuma ya uzio: "Feliksi, ngwino ufungure!"

Kirundi sijui, lakini hilo la mwisho nililidaka. Afungue nini tena, wakati ndiyo kwanza tunafunga?

Feliksi akaweka spana. "Nikafungure kidogo, ndiyo nimalizie."

"Hufungui kitu!" Nikarukia injini, nikakalia silinda hedi kama kuku anayeatamia. "Leo ni kufunga tu, kaka! Kufunga!"

Akarudi nyuma, mikono juu. "Unifunge kwa kosa gani, bwana?"

Eufrasia akatokea na sinia la ugali na samaki, migebuka ya ziwani. "Si nilikwambia huyu ni usalama? Anasaka waliotoka kambini."

"Shemeji, mimi usalama wa gasketi tu! Mlikuwa mnataka kufungua nini?"

"Kufungura! Kwetu kufungura ni kula. Huyu toka asubuhi hajatia kitu mdomoni, kwa ajili yako na ile alama yako."

"Alama gani?"

"Nyekundu," Feliksi akasema. "Nikajua ni mtego. Polisi waikute kwangu, waseme nimeiba."

Nikashuka, nikainama. Doa lipo pale pale, linang'aa kama Diana siku ya harusi ya watu.

"Basi tufungure," nikasema.

Hakuna aliyesogea. "Anza wewe," Eufrasia akasema. "Hata mpelelezi ataona haya kula ugali wa mtu halafu amfunge."

Nikamega tonge kubwa, nikalishindilia na mgebuka mzima. Nilipomeza ndipo Feliksi akanawa.

Jioni akamalizia bolti, akatia maji, akawasha. Injini ikaunguruma vizuri. Nikapiga magoti nyuma ya gari nikitafuta moshi mweupe, ule wa gasketi inayovujisha maji. Haukuwepo. Nilipoinua kichwa, Eufrasia alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga kitenge, ananitazama mimi vile vile nilivyomchunga mumewe.