Tezi za Ukutani

Fundi cherehani alikuwa na desturi ya kulowesha ncha ya uzi kwa ulimi kabla ya kuutunga kwenye sindano. Asubuhi ile aliulamba, ukatoka mkavu vilevile. Mkewe akamsogezea kikombe cha maji.

Mate yake yaliunguzwa hospitali. Alikuwa na uvimbe kooni, ukatibiwa kwa mionzi. Kwa kawaida kila mgonjwa hutengenezewa barakoa yake ya plastiki, imshike uso usisogee. Lakini pale ilikuwepo moja tu ya wagonjwa wote, ikining'inia kwenye msumari, ili foleni iende. Fundi, mtu wa kupima watu maisha yake yote, alisema palepale, "Hii inanipwaya."

"Utaizoea, mzee," mwendesha mashine akamjibu.

Uso ukachezacheza ndani yake. Uvimbe ulikwisha, na tezi za mate zikafa, mashavu yote mawili. Tangu hapo kila tonge alilishushia kwa maji, na mapishi ya mkewe yakawa na ladha ya karatasi. Hata kumezea mate chakula cha jirani hakuweza. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Aliporudi kliniki alikuta tezi zimeota ukutani, nje ya chumba cha mashine. Zilianza kama vipele, zikatoa matawi, matawi yakatoa vitawi, na kila ncha ikashika tone.

"Hata tumboni mwa mama hukua hivyohivyo," daktari alisema akipita, akiangalia asiteleze. Mfagiaji alikuwa ameshaweka ndoo.

Mkewe, aliyemsindikiza, akafunua chombo cha chakula. Tezi moja tu, karibu na swichi ya taa, ikaanza kuchuruzika.

"Yako hiyo," mkewe akasema. "Haya, kinga kijiko."

Akakinga, akachanganya, akala. Ladha ilirudi, akalia mbele za watu bila haya. Alipojaribu kuibandua aende nayo nyumbani, shavu lilimuuma, akaiacha. Sasa hula mchana pale, pamoja na wagonjwa wenzake, kila mmoja chini ya tezi yake. Uongozi uliongeza ndoo na benchi.

Mchana mmoja alisikia sauti ya mwanamke chumbani: "Kaka, mbona hii inanipwaya?"

"Utaizoea, mama."

Fundi akagonga mlango, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Hakuna aliyefungua, mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma. Karibu na mkono wake, rangi ya ukuta ilikuwa inatunga kipele.

Akarudi kwenye benchi, akawaambia wenzake wasogee kidogo, mama apate nafasi.