Mita Moja na Nusu ya Lenga-lenga

Mume wangu Zacharie alikuwa karani wa ofisi ya viwanja hapa Kamina kwa miaka ishirini na miwili, na karatasi alizipenda kuliko chakula. Mvua ya Januari 1999 ilipoingia sebuleni, mimi nilikimbilia ndoo. Yeye alikimbilia kabatini kutafuta hati ya kiwanja.

Kosa lilikuwa la barabara. Malori ya askari yalipita kutwa kuelekea vitani, kwa hiyo ililetwa mashine, barabara ikainuliwa kwa kifusi na mtaro ukafukiwa. Tangu hapo maji yote yakawa yanakuja kwetu. Ukuta wa mbele wa sebule ulipasuka, ufa wa kuingiza mkono. Sebule hiyo Zacharie aliijenga mwenyewe, na binti yetu Lise aliposwa humo. Niliogopa sana kuipoteza.

Zacharie alipeleka malalamiko wiki tatu mfululizo, kila mara amevaa kofia yake ya kanisani. Mwishowe akaja Likoke, askari aliyesimamia kazi ya barabara, mtu mpole.

"Papa, mutaro tutachimba," alisema. "Lakini tupime kwanza. Kama nyumba iko mu barabara, ukuta hatutengenezi. Tunauvunja."

"Pima tu," alisema Zacharie, amejaa raha kwa kuwa mtaa wote aliupima yeye mwenyewe. "Hii avenue yote njo minyi nilipima. Borne nilitia na mikono yangu."

Borne ni jiwe la mpaka, na la kwetu lilikuwa kwenye pembe ya mbele. Sisi wanawake tunafagia uwanja kila asubuhi hadi mpakani, na pale ufagio unapoishia, majirani wote wanajua ndipo kwako. Ufagio wangu ulikuwa na tamaa. Mwaka 1978, Zacharie akiwa kikazi Kaniama, nilitaka tuta moja zaidi la lenga-lenga, mboga anayoipenda kuliko zote. Nikang'oa jiwe, nikalisogeza. Akarudi, akala, akasifu. Mwaka uliofuata akajenga sebule kwa kufuata jiwe. Karani mzima, aliyemvunjia jirani yetu Émerence jiko kwa sababu lilizidi mpaka nusu mita. Nimemcheka kimoyomoyo miaka ishirini.

Likoke akavuta kamba kutoka jiwe la upande wa pili. Akapima mara mbili. Émerence, ambaye hajawahi kukosa jambo la watu, alikuwa ameshafika, mikono kiunoni.

"Papa, borne yako iko mu barabara. Mita moja na nusu."

Nilifungua mdomo nikiri. Zacharie akanitangulia.

"Iko kweli. Minyi njo niliisogeza. Andika vile."

"Weye?" Émerence alisema. "Weye mwenye ulinivunjia cuisine?"

"Njo minyi, mama. Unisamehe."

Alivua kofia. Émerence alimtazama, kisha akashusha mikono, akaenda zake kabla kamba haijakunjwa, na hilo halijapata kutokea.

Mtaro ulichimbwa wiki ile ile. Ukuta wa mbele ulivunjwa, sebule ikabaki na nafasi ya viti viwili. Tukakaa humo, magoti yakigusana.

"Papa Lise, mbona umedanganya?" niliuliza.

"Nilijua tangu siku nilirudi Kaniama. Udongo ilikuwa mupya. Likoke nilimwambia apime, nilizani ataniamini tu."

"Na ukajenga pale pale?"

"Ningejenga nyuma, ungejua minyi nimeona. Ulikuwa unafurahi sana na ile lenga-lenga."

Niliona haya, na nilimpenda kuliko siku ya harusi yetu.

Asubuhi nilifagia uwanja. Nilipofika kwenye jiwe, sasa likiwa mahali pake pa zamani, nikasimama. Zacharie alikuwa dirishani na chai yake.

"Mama Lise," alisema, "leo ufagio imechoka?"

Nikacheka huku nalia, nikageuza ufagio, nikarudi ndani.