Masomo Mafupi ya Kaka

Mimi nina mdomo, hilo nakubali kabla hamjaniambia. Siku midomo inagawiwa kwetu, nadhani nilichukua wangu na wa kaka. Yeye alibaki na mikono yake, na kigugumizi.

Kaka ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Mpe cherehani kilichokufa miaka mitano, atakifungua, atakipuliza, atakigusagusa, na kabla chai haijapoa kinashona. Washonaji wa mbali walikuwa wakimpigia simu kuuliza mambo madogo ambayo wangeweza kuyarekebisha wenyewe, ndipo nikapata wazo: tufanye kozi ya video, mtu alipe, ajifunze. Nikaitundika simu yangu juu ya meza yake, kamera ikitazama mikono, tukarekodi masomo kumi na mawili.

Kukata video ilikuwa kazi yangu, nami nikakata kila mahali alipokwama. "Ka-ka-kabla ya kufungua" ikawa "Kabla ya kufungua." Somo la dakika arobaini likawa la dakika kumi na nane, na kaka akawa anatiririka kama mtangazaji wa redio. Sikumwuliza. Nilijiambia namsitiri.

Masomo tukayaweka kwenye tovuti: mteja analipa, anapewa neno la siri, anatazama. Wiki ya pili malalamiko yakaanza. Mama mmoja mshonaji alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huyo fundi anakimbizwa na nani? Mimi bado niko kwenye sindano, yeye keshafika kwenye mkanda. Ama aje mubashara tumsimamishe tumwulize, ama mnirudishie hela yangu." Baada yake wengine saba wakasema hivyo hivyo.

Tukakaa kuamua, mimi na wifi, mke wa kaka, jikoni kwake, tukimenya vitunguu. Njia zilikuwa tatu. Tuendelee na tovuti. Au tuwatumie video zenyewe, wakae nazo kwenye simu zao, wazirudie hata bila intaneti. Au darasa la mubashara kila Jumamosi, kaka mwenyewe akiongea. Wifi alitaka mubashara.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mtandao unakatikakatika."

"Leo ndiyo umekuwa mbovu? Jana umeongea na shoga yako kwa video saa nzima, hapo hapo ulipokaa." Akaweka kisu chini. "Sema tu unamwonea aibu."

Nikawa mbogo. Nikamwambia mimi ndiye niliyepigana shuleni na waliokuwa wakimwigiza, mimi ndiye niliyekuwa nikimsemea dukani, kwa daktari, hata siku ya posa yake. Wifi aliniacha nimalize.

"Mimi nina miaka tisa naye," akasema, "na sijawahi kumkatiza neno."

Maneno yale yaliniingia. Nilinawa mikono nikaondoka bila kuaga.

Nilikwenda moja kwa moja karakanani kwa kaka, maana mwenye kozi ni yeye na hakuna aliyemwuliza. Ilikuwa saa saba mchana, mlango umerudishwa nusu. Kaka alikuwa kwenye stuli, chakula hajakigusa, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya mashine. Alikuwa anatazama somo la nne. Likaisha, akalirudisha mwanzo. Midomo yake ilikuwa ikifuatisha, bila sauti.

Nikasukuma mlango nikaingia. "Kaka," nikasema, "wateja wanalalamika, wanakutaka mubashara. Ni kosa langu. Nilikukata."

"Na-najua," akajibu bila kugeuka. "Si mi-mimi niliyesema?"

Nikamwomba radhi. Nikalia pia, sitaficha. Akanisogezea kitambaa cha kufutia mashine, nami kwa kuchanganyikiwa nikajifuta nacho, nikabaki na mafuta usoni. Kisha akaniambia nifungue lile somo la nne kama lilivyorekodiwa, kabla sijaligusa. Tukalitazama pamoja. Pale alipokwama kwenye neno "bobini", kile kigurudumu cha uzi wa chini, mikono yake ilikuwa imetulia, bisibisi juu ya skrubu, sekunde nane nzima. Ungeweza kuona ni skrubu ipi na inazungushwa upande gani. Nilipokata neno, nilikuwa nimekata na skrubu.

"Hapo ndipo wa-wanapopotea," akasema. Akafikiri, akizungusha bisibisi mkononi. "Mubashara sitaki. Si a-aibu. Nikiharakishwa na-nakosea, hata kazini ni hivyo. Watumie zile ndefu. Ziwe zao, wa-wakae nazo, wasimamishe wanapotaka. Mwenye swali a-apige simu, nitapokea mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Nilikuwa na la kusema, nikalimeza. Tukakubaliana kwamba kila mteja, wa zamani na mpya, atatumiwa masomo marefu yote kumi na mawili, na yule mama mshonaji ndiye aanze. Nikatoa simu nianze kuzipanga video.

"Na hizi fupi," nikauliza, "nizifute?"

Kaka aliichukua simu yake kutoka kwenye ile chupa, akaishika kwa mikono miwili.

"U-usifute. Niachie mimi." Akafumba macho, akalisubiri neno, nami nikalisubiri naye. "Nina miaka a-arobaini na moja. Sikuwahi kuisikia sauti yangu i-ikisema jambo mpaka mwisho."