Kipepeo wa Tatu

Kwa miaka mingi Sabina alipanda milima ya Uluguru kuthibitisha jambo moja: kwamba vipepeo weusi wa kileleni na wenzao wa bondeni, wenye doa la njano bawani, ni aina mbili. Kwa miaka hiyo hiyo Profesa Mihayo, msimamizi wake, alikaa kwenye kiti chake na kusema ni aina moja. Bila saini ya profesa kwenye tasnifu, Sabina angeota mvi na shahada hajaipata.

Hatimaye profesa akakubali, kwa hisani yake, kuja Mabatini, nyumbani kwa Sabina, kuwaona mwenyewe ndani ya maboksi yao mawili, la bondeni na la kileleni. Sabina akaenda Mkuyuni kutafuta samaki, sato, wa kumkirimu, akamwachia nyumba mama mkwe wake, Truphosa, fundi cherehani. Katika kupanga sebule Truphosa akakuta kipepeo mmoja wa bondeni ameliwa bawa na mende. Mgeni aonyeshwe kitu kibovu nyumbani kwake? Thubutu! Akatafuta gundi.

Profesa alifika, akala sato wawili, ndipo akafungua boksi la kwanza, la bondeni. Akashangilia.

"Huyu hapa! Bawa moja la kileleni, lingine la bondeni. Wanazaana, Sabina. Ni aina moja."

Sabina akainama, akaiona gundi. Roho ikamuuma. Kumwumbua mama mkwe mbele ya mgeni, hawezi. Kunyamaza ni kujizika mwenyewe.

"Umempenda, Profesa?" Truphosa aliuliza, uso umemchanua. "Nimemtengeneza mimi asubuhi, mkwe wangu asiaibike. Bawa nimelitoa kwa wale wa boksi la pili."

Profesa hakuwa mtu wa kubabaishwa na ukweli. Akapangusa miwani.

"Vizuri zaidi! Bawa la yule limemkaa huyu sawasawa. Mnataka ushahidi gani tena?"

"Limemkaa wapi?" Truphosa akasema, akikusanya sahani. "Lilikuwa refu. Nikajaribu la mwingine, refu vilevile. Wote wa boksi lile ndivyo walivyo. Ikabidi nilipunguze kwa mkasi."

Sabina alitamani kumkumbatia, ila sahani zilikuwa nyingi mikononi mwa Truphosa.

Profesa akatazama boksi la kwanza, akatazama la pili, halafu akavuta tasnifu na kutia saini.

"Urefu wa bawa," alimwambia Sabina, kwa upole wa mwalimu aliyevumilia mengi. "Siku zote nakwambia ni aina mbili. Tatizo lako husikilizi."