Hapana ya Fundi Kelele

Juzi, kwa siku moja tu, nilisema asante mara kumi na saba, na moyoni sikuwa na shukrani hata chembe. Mimi, fundi bomba niliyeitwa Kelele mtaa mzima! Mimi niliyewahi kugombana na mteja nikiwa nimelala chini ya sinki lake, maji yakinimwagikia usoni, na sikunyamaza. Sasa natoa asante kama mtoto aliyepewa pipi.

Kiharusi ndicho kilichonifunga mdomo, miezi mitano iliyopita. Upande wa kulia umekufa ganzi, ulimi umekuwa gogo. Akili iko palepale, na matusi yangu yote yako palepale, yamejipanga, hayana pa kutokea. Kusoma nako kumekwenda; nikitazama herufi naona vijiti tu.

Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, ni mwalimu wa watoto wadogo. Huwatengenezea michezo kwa programu moja isiyotaka utaalamu wa kompyuta: unavuta picha, unaipachikia sauti, unaandika neno litakalotokea ikiguswa, basi. Akanitengenezea na mimi. Alikaa kando ya kitanda changu, tableti mapajani, akarekodi sauti moja baada ya nyingine. Jogoo wa jirani akiwika, anafuta, anaanza upya. Sauti zikikaa sawa anahamia kwenye maandishi, anayakuza, anayasogeza yasifunike picha. Kazi safi, siwezi kusema uongo.

Lakini maneno yenyewe! Aliwauliza wenzake nyumbani, "Baba alipenda kusema nini?" Nao wakamkumbuka baba ambaye hajawahi kuzaliwa. Asante. Marahaba. Naomba maji. Nimeshiba. Ndiyo. Nawapenda. Nawapenda, jamani! Miaka sitini na minane neno hilo halijapita kinywani mwangu. Na yote kwa sauti yake yeye, nyororo, ya mtu anayebembeleza watoto waamke. Siku ya kwanza niligusa hilo Nawapenda kwa bahati mbaya, mwanangu mkubwa akatoa machozi, akanikumbatia hadi mbavu zikauma. Nilikuwa natafuta maji.

Huyo mkubwa ndiye aliyekuja na mpango wake. Anataka kunihamishia kwake, mji mwingine, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. "Utapumzika, Baba." Nipumzike nini? Nikipandishwa kule nitashushwa siku moja tu, na siku hiyo nitakuwa nimelala chali. Hapa nina kibaraza changu, nina mlango wangu, wapita njia wananipungia mkono. Siendi. Siendi ng'o! Lakini niliseme kwa kitufe gani? Kila akiniuliza naishia kuguna, naye anawageukia wenzake, "Mnaona? Hajakataa."

Mkwe aliliona hilo. Jana mchana akavuta picha ya kiganja kilichoinuliwa, akarekodi neno moja, akaliandika chini yake kwa herufi nyekundu. "Baba, hii ni hapana," akaniambia. "Samahani, nilipaswa kuanza nayo." Ningekuwa na mdomo ningemwimbia.

Leo saa nne asubuhi tukakaa sebuleni: mke wangu, mdogo wangu aliyeitwa kuwa shahidi, wanangu wawili, na mkwe. Mkubwa akauliza, "Baba, unakubali tuondoke kesho?" Kidole changu kikatua kwenye kile kiganja kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo.

"Hapana," ikasema tableti.

Mkubwa hakunitazama mimi. Alimtazama mkwe. "Shemeji, hiyo ni sauti ya nani?"

"Ni yangu, lakini..."

"Na maandishi?"

"Nimeandika mimi."

"Basi aliyekataa ni wewe. Mimi namsubiri Baba."

Damu ilinichemka! Asante ya mkwe ilikuwa yangu. Nawapenda yake ilikuwa yangu, na mkubwa aliililia machozi. Hapana ya mkwe, ghafla, ni ya mkwe mwenyewe! Nikabonyeza tena, na tena, na tena, na kila nikibonyeza ndivyo mkubwa alivyozidi kumkazia macho mtoto wa watu. Mdogo wangu anatazama sakafu. Nilijiona nimefungiwa chumbani, na mwenye ufunguo anaapa kwamba mlango uko wazi.

Mkwe akaichukua tableti, akafungua orodha ya sauti, akaifuta ile yake. Akabonyeza alama ya kurekodi, akanisogezea mdomoni. "Sema mwenyewe, Baba. Litoke litakavyotoka."

Nikajikaza. Nikalitafuta tangu tumboni, nikalisukuma, likakwama kwenye ulimi, likatoka limevunjika: mguno wa puani, mrefu, na mate juu. Aibu ilinishika. Yeye akaupachika mguno ule kwenye picha ya kiganja, akanirudishia tableti mapajani. Nikagusa. Sebule nzima ikanisikia.

Mke wangu akajishika mdomo. "Mungu wangu," akasema. "Mimi nilidhani ni ugonjwa. Anaguna hivihivi kila siku. Nikimzimia redio. Nikimfungia dirisha. Nikimlaza jua halijazama. Na mimi namwambia pole, naendelea."

Mkubwa akaja akachuchumaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu afike akanitazama machoni. "Baba, miezi yote mitano ulikuwa unatukatalia?"

Nikabonyeza ndiyo. Ilitoka kwa sauti nyororo ya mkwe wangu, na safari hii hakuna aliyeuliza ni sauti ya nani.